Muulize Shangazi: Mke anataka Sipi, mfuko unasema Wanale

Asalam aleikum Shangazi. Mimi na mke wangu tunatimiza miaka saba ya ndoa mwezi ujao na ukweli sijawahi kumtoa auti hata siku moja, safari zetu ni msiba Budaka na harusi Kampala, basi. Sasa juzi rafiki yake kapelekwa kwenye maporomoko ya maji ya Sipi na mumewe, kaweka picha kwa status, na toka siku hiyo chai naletewa bila hata kuambiwa karibu. Mimi nauza spea za boda hapa mjini Mbale, pesa si nyingi, na nikifunga duka siku mbili wateja wanahamia kwa jirani. Nilifikiria nimpeleke tu Wanale, kwani mlima si mlima, na huo tunauona dirishani kila asubuhi, lakini naogopa ataona namfanyia ujanja. Nishauri.
Baba Swabra, Namakwekwe

Wa aleikum salam Baba Swabra. Miaka saba! Na msiba wa Budaka umeuhesabu kuwa auti. Mimi hapo kwenye chai niko upande wa mama Swabra, tusidanganyane.

Mpeleke Sipi. Wanale nitakwambia baadaye ni ya lini, lakini mwanamke aliyesubiri miaka saba huwezi kumpa zawadi ya kitu anachokiona akianika nguo. Na duka usifunge siku mbili, siku moja inatosha kabisa, toka Mbale mpaka Sipi ni kama kilomita 50 na barabara ni lami, mkiondoka saa moja asubuhi saa tatu mko huko mnakunywa chai. Nenda katikati ya wiki, Jumanne au Jumatano, wikendi kuna makundi ya wanafunzi na mabasi ya makanisa na kila jiwe zuri la kukalia lina watu sita wanapiga selfi.

Usafiri sasa. Taksi za Kapchorwa, ndiko Sipi iliko, zipo stejini, ila taksi haiondoki mpaka ijae, unaweza kukaa saa nzima umebanwa na gunia la vitunguu huku mama amevaa gauni jipya, kwa hiyo kama kuna siku moja kwa mwaka ya kukodi spesho, gari lenu peke yenu, ni hiyo, hata kama itabidi muuze pistoni mbili zaidi. Boda hapana. Najua ndio biashara yako na pengine una yako mwenyewe, lakini ukianza kupanda mlima zile kona ni kali, malori ya kahawa yanashuka kwa nguvu, na kurudi jioni ni giza na ukungu. Mke siku ya sherehe hashiki koti lako kwa woga njia nzima.

Halafu kosa ambalo nililifanya mimi mwenyewe, nakuambia usilirudie. Sipi maporomoko ni matatu, yale makubwa ya chini yanaanguka kama mita 100 hivi, na mengine mawili yako juu zaidi. Sisi tulipoenda, mzee wangu akasema tumelipa, lazima tuone yote kabla ya lanchi. Kutembea yote matatu ni masaa matatu mpaka manne, kupanda, kushuka, kuna mahali mnapita kwa ngazi ya miti iliyoegemezwa kwenye jabali, na yule kijana aliyekuwa anatutembeza anaruka kama mbuzi. Hao vijana ni Wasabiny, wenyeji wa huko, wamekulia hewa ileile ya Kapchorwa waliyokulia kina Stephen Kiprotich aliyeleta dhahabu ya marathoni London 2012 na Joshua Cheptegei aliyeshinda mita 10,000 Paris 2024. Wewe umekulia kwenye duka la spea. Sisi kufika la pili nilikuwa siongei na mzee, kufika la tatu mvua ikatukuta, nikateleza kwenye lile tope jekundu nikakaa chini mzima mzima, na yeye badala ya kuniinua akacheka kwanza. Tulirudi Mbale kila mtu anaangalia dirisha lake.

Kwa hiyo chagueni mawili, au hata moja. Mimi napenda la katikati kwa sababu nyuma ya maji kuna pango, mnaingia mnasimama, maji yanapita mbele yenu kama pazia, kelele ni nyingi hadi ukitaka kumwambia mkeo kitu lazima umsogelee sikioni. Umenielewa? Hapo hata mtu wa spea anaweza kusema neno zuri na akikosea halisikiki.

Baada ya hapo omba mpelekwe kwa mkulima muone kahawa. Ni ile arabika ya mlima Elgon, ile inayojulikana kama ya Bugisu, na hapo mnafanya wenyewe: mnamenya, mnatwanga kwenye kinu, mnakaanga kwenye chungu juu ya moto wa kuni mpaka harufu inaingia kwenye nguo, halafu mnakunywa. Mwache mama atwange kidogo kisha umpokee mchi. Wallahi hiyo picha kwa status itamshinda yule rafiki yake.

Bei zote ulizeni kabla hamjaanza kutembea, sio baada. Njia zinapita kwenye mashamba ya watu na kila mwenye shamba anaweza kudai kidogo chake, sasa mwambie kijana atakayewatembeza awape bei moja yenye kila kitu ndani. Na ongea Kiswahili, usijitie Kiingereza, huko juu wengi wanakijua vizuri kwa sababu wana ndugu na biashara upande wa Kenya, na ukiongea Kiswahili bei inapungua yenyewe. Chakula bebeni cha nyumbani, pilau kwenye hotipoti, hamtahangaika kuuliza nyama imechinjwa na nani. Mkeka mmoja utawafaa kukalia na kuswalia. Masweta pia, Sipi iko karibu mita 1,800 juu, watu wa Mbale mnafikiri baridi ni hadithi.

Na Wanale? Hiyo ni ya kuanzia mwezi unaofuata, Jumapili mchana, haihitaji sherehe. Barabara inazunguka zunguka mpaka juu, na mkifika mnaiona Mbale yote imelala chini, mchezo wake ni kutafuta bati lenu, kila mtu anabisha ni lile. Ila kwanza Sipi.

Shangazi, mimi niko Kisenyi Kampala. Mchumba wangu ameshaleta posa, nikaha ni baada ya Ramadhani, sasa anataka twende Sipi wawili tulale siku mbili ati tujuane. Nyumbani sijasema. Ni vibaya?
Binti wa Kisenyi

Mwanangu, kama si vibaya mbona nyumbani hujasema?

Kampala mpaka Mbale tu ni masaa manne, matano, bado hujaanza kupanda mlima, kwa hiyo kwenda na kurudi siku moja haiwezekani, hapo mchumba wako hajadanganya. Lakini kujuana hakuhitaji kulala. Tafuta ndugu yako aliye Mbale, hakosekani, ulale kwake na mdogo wako mmoja, kijana alale kwa rafiki zake, asubuhi mkutane mpande wote watatu. Mdogo mtu mpe soda na simu, atakaa mbali kidogo bila kuambiwa. Na utamjua mchumba vizuri sana kwa njia hiyo: mwangalie anavyoongea na mtu wa taksi, anavyolipa, na mvua ikianza anampa nani mwavuli. Akikataa kwenda kwa sababu mdogo yupo, jibu umelipata bila kulipia hoteli.

Mke wangu ana mimba ya miezi sita, anatamani maporomoko. Niende naye?
Mume mwoga, Sironko

Kwanza muulize mkunga wake, sio mimi. Akikubali, nendeni polepole na gari zuri, zile kona zinaleta kichefuchefu hata kwa wasio na mimba. Njia za kushuka na zile ngazi asahau kabisa, tope halijui nani mjamzito. Lakini mna bahati, yale makubwa yanaonekana toka pale pale senta ya Sipi, mnaketi kwenye kiti mnaagiza chai, na upande wa pili tambarare za Teso na Karamoja zimetandazwa hadi macho yanachoka. Jua likizama hapo ni zuri, ila msilisubiri, teremkeni mchana.

Angalia na mwezi. Desemba mpaka Februari ni pakavu. Mvua zikichachamaa milima ya Elgon si ya kuchezea, tunakumbuka maporomoko ya udongo ya Nametsi kule Bududa Machi 2010, na Novemba 2024 udongo ukafunika watu hapo Bulambuli, jirani zako. Mvua ikiwa imenyesha siku tatu mfululizo msiende, kaeni nyumbani mpikie malewa, yale machipukizi ya mianzi, ya karanga, hayo hata mwanaume anaweza kupika.

Shangazi, huko Sipi network ipo? Mume wangu hawezi kuacha simu.
Mama Faiz, Mbale

Ipo. Pole sana.