Tangu awekewe mashine ya ubongo, mume wangu hataki hata nimfunge vifungo

SWALI: Shikamoo shangazi. Safu yako naisoma siku zote ila leo ndo nimepata nguvu ya kuandika. Mume wangu ana Parkinson mwaka wa 9 sasa, mkono ulikua unatetemeka mpaka chai inamwagika, akifika mlangoni miguu inaganda anasimama tu, mi ndo nimemlisha, nimemuogesha, duka naendesha mi, kila kitu mi. Mwaka huu watoto na ndugu wakachanga tukaenda India akawekewa ile mashine ya ubongo na kweli mkono ukatulia, tulilia wote wawili. Sasa ni mwezi wa 4 tumerudi Tanga na nyumba haina amani. Nikimsogelea nimfunge vifungo vya shati anausukuma mkono wangu. Nikimmiminia chai nusu kikombe kama tulivozoea anasema jaza, mi sio mtoto. Usiku halali, saa 8 yuko sebuleni anapiga hesabu za kununua Canter kwa mkopo na hela yenyewe hatuna, nikiuliza anakua mkali na hakuwa mtu wa hivo. Wifi zangu wananiambia mtu kapona unataka nini tena. Nimekosea wapi shangazi?
Mama wa watatu, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu, pole sana. Hujakosea popote na wala haupo peke yako, maana madaktari wa Paris waliwafuatilia wagonjwa 29 waliofanyiwa operesheni kama hii wakatoa majibu yao 2006, mwili ulikua umepata nafuu kubwa tu lakini kati ya 24 waliokua na wenza, 17 walikua na mgogoro ndani ya nyumba. Waoneshe wifi zako hilo. Na uwaambie pia kwamba hajapona, ile mashine inatuliza dalili, ugonjwa wenyewe haiusimamishi.

Sasa barua yako nimeisoma mara mbili, naona mambo mawili umeyafunga fungu moja na ningependa uyatenganishe.

La Canter na kukesha, hilo usilichukulie kama dharau kwanza. Zile waya za mashine zinazopitisha umeme zimeingia ndani kabisa ya ubongo, sehemu ndogo sana, na jirani ya sehemu inayoongoza mwendo kuna njia zinazoshika hisia za mtu, kwahiyo umeme ukiwa mwingi au dawa bado hazijapunguzwa sawasawa mtu anaweza kuchangamka kupita kiasi, halali, ana mipango mikubwa, ukimpinga anawaka. Kuna na dawa za Parkinson kama pramipexole na ropinirole, zinajulikana kabisa kwa kumfanya mtu ashindwe kujizuia kwenye matumizi, kamari, hata mambo ya chumbani. Wengine inakua kinyume, dawa zinapunguzwa haraka mtu anapoa, anakaa tu hana hamu na kitu. Yote haya daktari anaweza kuyarekebisha mara nyingi, ila lazima ayajue, na mgonjwa mwenyewe hawezi kumwambia kwasababu yeye anajiona yuko poa kuliko miaka yote!

Nunua daftari. Andika kalala saa ngapi kaamka saa ngapi, dawa gani kameza, ugomvi ulianzia wapi, mara ya mwisho mashine imesetiwa lini. Rimoti ya mashine msiichezee na dawa msiache wala msipunguze wenyewe, ni hatari. Na huo mkopo, mwite kaka yake au mtoto mkubwa, mkae naye kwa heshima, mkubaliane hakuna karatasi inasainiwa mpaka daktari amemwona.

Ila la kikombe mwanangu, pale hakuna mashine. Mi nimemuuguza mama yangu mzazi najua mkono unavoenda wenyewe kabla hujafikiri, miaka 9 umekua nesi na baba wa nyumba, na yeye miaka hiyohiyo kamezwa na aibu ya kuvalishwa, leo mikono imerudi anataka kila kitu jana. Ye anaona unamfunga, we unaona hana shukrani, na wote mna haki ya kuumia. Jaza kikombe. Kikimwagika afute mwenyewe. Shati lake mwachie hata kama litafungwa pembe, we kaa jikoni usimwangalie, najua ni ngumu. Duka usimrudishie lote kwa mpigo, aanze siku mbili kwa wiki, hesabu mfanye pamoja jioni. Bafuni usiende mbali, maana kuanguka na sauti kushuka ni vitu ambavyo mara nyingi mashine haivisaidii sana, na hilo mwambie wazi kwamba unaogopa sakafu yenye maji, humchungi.

Na umwambie umechoka. Kwenye barua nzima hujaandika hata mara moja kwamba umechoka.

Kurudi India kila mara ni gharama najua, lakini baadhi ya mashine za sikuhizi zinarekebishwa hata kwa mtandao, piga simu wiki hii uulize kama ya kwake ni mojawapo, na siku hiyo ya daktari usikae nje kwenye benchi, ingia nae na daftari lako mkononi.