Jibu: Mass Effect ya kwanza, ninunue au niache?

Salama mkuu. Unauliza kama ununue gemu ya Mass Effect ya 2007 peke yake kwa kuwa bei yake ni nafuu, au uchukue Legendary Edition ya 2021, toleo lililoboreshwa lenye gemu zote tatu za mfululizo huo.

Kabla ya bei, angalia nafasi kwenye diski. Legendary inataka GB 120 hivi, na RAM ya GB 8 kwenda juu. Mimi nilianza kuishusha kwa bando la wiki, likakata hata robo sijafika. Nikaenda kumalizia kwa jamaa mwenye Wi-Fi, siku mbili nzima.

Mashine ikiibeba, chukua hiyo. Maamuzi ya gemu ya kwanza yanahamia ya pili na ya tatu. Mhusika uliyemwacha afe ndiyo basi, hutamwona tena. Ukinunua ya kwanza tu utaishia njiani. Pia lile gari Mako, lililokuwa likirukaruka kama mwanambuzi, wamelituliza, na kulenga shabaha kumekuwa kwepesi. Wakongwe watakulalamikia kwamba Pinnacle Station, ile nyongeza ya gemu ya kwanza, haimo. Usijali, si hasara. Ila ya tatu haina tena kucheza na wenzako mtandaoni, kwa hiyo kama hicho ndicho unachokitaka, acha.

Laptopu ikiwa dhaifu, ile ya 2007 bado inachezeka. Vumilia tu lifti za Citadel, kile kituo kikubwa cha angani ndani ya gemu, utazeekea humo!

Kwenye PlayStation sijaicheza, waliocheza huko waongezee.