Anzieni Manzese, si msituni

Mhariri, wiki hii mmeuliza kama makala za mauaji yaliyotikisa nchi zinaharibu watoto. Watoto mimi siwahofii. Wanaoniuma ni marehemu. Muuaji wa London wa mwaka 1888 hakuwahi kujulikana, lakini Jack the Ripper anatajwa hadi Kariakoo. Annie Chapman, mmoja wa wanawake aliowachinja, nani anamtaja? Ndiyo maana nilishika kalamu niwaambie mziache kabisa.

Januari 2006 baba alikuwa dereva teksi Magomeni. Gazeti moja kijiweni lilisomwa na watu wanane, na msomaji nilikuwa mimi, mwanafunzi wa darasa la sita. Siku hiyo habari ilikuwa ya majambazi wanne kuuawa na polisi. Nilisoma kwa mbwembwe, wazee wakaitikia, "Safi!" Baada ya siku chache tukasikia kwamba mmoja wa wale wanne alikuwa dereva teksi wa Manzese, na watatu abiria wake, wafanyabiashara wa madini kutoka Mahenge. Mzee mmoja aliyekuwa anaosha gari akaacha kuosha. Hakumfahamu yule dereva. Akasema tu, "Abiria humuulizi kabeba nini." Kijiwe kizima kikanyamaza.

Rais aliunda tume ya jaji, nayo ikasema hawakuwa majambazi; walipigwa risasi msitu wa Pande, pembezoni mwa jiji. Mzee akaniita nisome tena, polepole. Nilipomaliza alifuta mikono kwenye suruali, akalikunja gazeti, akaliweka juu ya dashibodi. Lilikaa pale mpaka likawa njano, na abiria akilishika alimwambia, "Liache hapo, mwanangu."

Mwaka 2009 Mahakama Kuu iliwaachia polisi walioshtakiwa. 2016 Mahakama ya Rufani ikamtia hatiani mmoja. Miaka kumi! Na hapa ninapoandika naona kalamu inanigeuka, maana bila mtu wa kuandika upya, mtaani kwetu lingebaki lile neno la kwanza nililolisoma mimi kwa sauti.

Basi endeleeni, ila si kwa picha za damu, wala si kabla ya kubisha hodi kwa wafiwa. Wakikataa, muache. Na kisa cha Pande mkikiandika, anzieni Manzese, asubuhi, dereva anawasha gari.

Msomaji wenu, Tabata, Dar es Salaam