Dola 20.80 za goti la mama zilipwe na nani?

SWALI: Shikamoo Bi Mkubwa. Mama yangu alibadilishwa goti hapa Marekani tunakoishi. Barua ya Medicare, ile bima ya afya ya serikali kwa wazee, inasema daktari alidai dola 7,200, wao wakakubali 1,300, wakalipa 1,019.20. Mama anatakiwa atoe 260. Kliniki imetuletea bili ya 280.80, eti ndiyo iliyobaki. Kaka yangu naye ameona kwenye takwimu za serikali kwamba Medicare humlipa daktari huyo mamia ya maelfu kwa mwaka, sasa anamwita mwizi. Tulipe ngapi?
Binti wa mgonjwa

JIBU: Marahaba mwanangu, mpe mama pole. Lipeni 260, msiongeze hata senti.

Nilipokuwa dirisha la bili kwenye kliniki ya mifupa, vijisenti vya namna hiyo vilinisumbua kuliko madeni makubwa. Medicare wakishakubali 1,300, wao hubeba asilimia 80, yaani 1,040, na mgonjwa 260. (Inaonekana kile kiasi cha kwanza cha mwaka ambacho mgonjwa hujilipia, mama alishakimaliza.) Kisha amri ya kubana bajeti ya serikali hukata asilimia 2 kwenye fungu la Medicare peke yake. Asilimia 2 ya 1,040 ni 20.80, hizo hapo! Hasara hiyo ni ya kliniki, hairuhusiwi kumbebesha mgonjwa. Mara nyingi hata si ujanja: karani ameingiza malipo akasahau kuandika punguzo, kompyuta ikaona deni, ikachapa bili.

Wapigie simu barua ikiwa mkononi. Ina safu inayotaja kiwango cha juu kabisa mnachoweza kudaiwa. Wasomee namba hiyo, muwaombe wafute 20.80. Kama mama ana bima ya nyongeza, ulizeni kwanza kama zile 260 zilipelekwa huko.

Ile 7,200 isiwatishe. Ni bei ya kwenye karatasi tu, na daktari aliyekubali bei ya Medicare hawezi kuwarudia kudai tofauti. Tena 1,300 si ya siku ya kisu peke yake. Kwa upasuaji mkubwa kama huo, ndani yake mna kutembelewa wodini na kurudi kliniki kukaguliwa kidonda kwa siku 90. Picha ya eksirei ndiyo hulipiwa kando.

Haya, kaka. Takwimu hizo zimekuwa wazi kwa umma tangu 2014, na kuzichungulia ni haki yake. Ila jumla aliyoiona ni mapato kabla ya mishahara ya wauguzi, kodi ya jengo na bima ya daktari. Atazame pia fungu la dawa. Kliniki ya mifupa huchoma sindano nyingi za magoti, na dawa nyingine ni ghali kwelikweli. Kliniki huzinunua kwanza kwa fedha yake, kisha kwa kawaida Medicare huhesabu bei ya wastani ya soko na asilimia 6 juu yake. Mwizi anaweza kuwepo, sikatai, lakini jumla peke yake haimwonyeshi.

Hospitali ina hesabu yake mbali, na goti lenyewe la bandia limo humo. Bili yao ikija, msidhani mnadaiwa mara mbili. Ila kliniki ikileta bili ya kukaguliwa kidonda ndani ya zile siku 90, hiyo irudisheni.