Je, kunguru akilidonoa?

SWALI: Salaam ami. Juzi twatazama mpira wa Marekani kwa TV, mara wakaonyesha lidude kama muhogo laelea juu ya uwanja. Kakangu asema ni baluni tu, mie nasema baluni gani hilo lina injini. Laruka vipi bila mabawa? Na mbona lisitubebe Mombasa hadi Lamu, au hawa kunguru wetu watalitoboa? – Msomaji, Kisauni

JIBU: Wa alaikum salaam mwanangu. Nyote mwasema kweli, ni baluni na lina injini, laitwa blimpu. Ushakodi tyubu ya kuogelea pale ufuoni Pirates? Ukiizamisha yakushinda nguvu yarudi juu, maana ni nyepesi kuliko maji. Basi hewa nayo ni bahari vilevile, sisi twaishi chini yake tu, na mfuko ukiutia heliamu ambayo ni nyepesi kuliko hewa, wataka kupanda. Ila nguvu yenyewe kidogo mno, mita moja ya ujazo yainua kama kilo moja hivi, yaani chumba cha kumi kwa kumi ukikijaza chote hadi dari ya futi kumi ni kilo 28, hata mfuko mmoja wa saruji hakiinui! Ndo maana lidude lenyewe kubwa vile na kijumba cha rubani hapo chini kama matatu.

Mie linalonifurahisha ni kuwa halina mbavu. Gesi ndo yashika umbo, ukiitoa lalala chini kama kanzu iliyovuliwa. Ndani mna vifuko viwili vya hewa ya kawaida, mbele na nyuma. Likipanda heliamu yatanuka, basi hewa ya vile vifuko yatolewa kitambaa kisije kikapasuka, likishuka yaingizwa tena lisinyauke. Na kwa vile hewa ni nzito kuliko heliamu, rubani akijaza cha mbele zaidi pua yainama. Injini ni za kusukuma, usukani uko mkiani kama wa jahazi.

Kazi yake siku hizi ni matangazo ubavuni na kamera za mpira, maana laweza kukaa juu ya uwanja masaa. Vita vya pili wanamaji wa Marekani walilisindikizia meli na kuwinda nyambizi.

Sasa Lamu. Mwendo wake ni wa matatu, kilomita 50 hadi 80 kwa saa, kwa hivyo Kusi ikikaza kwenda utafika upesi, kurudi ndo shughuli. Wajerumani walijaribu kuja huku kwetu Novemba 1917 na L 59, hilo lao lilikuwa na mbavu, kutoka Bulgaria wawaletee wenzao waliokuwa wakipigana Afrika Mashariki vitu vya vita, lakaitwa lirudi likiwa karibu na Khartoum, saa 95 bila kutua.

Kunguru wasikutie wasiwasi. Presha ya ndani yazidi ya nje kidogo tu, si kama tairi, tundu dogo lavuja polepole na rubani ana muda wa kurudi kutia kiraka. Ila kulichafua watalichafua, hapo hata mie sina dawa.