Usiruke tena kabla skii hiyo haijakaguliwa

Ndugu rubani, nimekuelewa: ukiwa angani ncha ya mbele ya skii ya kushoto (ubao mrefu chini ya ndege wa kutua thelujini) iliinama ghafla, ndege ikatetemeka na kuvutwa upande huo, kisha skii ikarudi mahali pake ulipopunguza mwendo, sasa unauliza kama kubadilisha mpira wa kuvuta peke yake kunatosha. Kwa maoni yangu hakutoshi, na nakusihi usiiruhusu ndege hiyo kuruka kwanza.

Mpira ndio unaoinua ncha ya skii angani, lakini kamba ya chuma ya usalama ndiyo inayoizuia isiiname kupita kiasi, kwa hiyo ikiwa iliinama sana, huenda kamba hiyo imelegea, imekatika au imeng'oka kwenye kishikizo chake. Pitisha kitambaa juu yake polepole: kikinasa, kuna nyuzi zilizokatika. Mimi niliwahi kukuta mpira unaoonekana mzima, ila ulipokunjwa ukaonyesha mipasuko midogo chini ya kitambaa chake.

Kagua pia boliti za mhimili na mahali mguu wa kutulia unapoungana na bodi ya ndege, hasa ikiwa uliwahi kugeuza ndege kwa nguvu skii zikiwa zimegandia thelujini. Ufa hapo, hata mwembamba kama unywele, ni kazi ya fundi wa ndege mwenye leseni, naye ndiye wa kuidhinisha matengenezo yote.

Tatizo hili likikurudia angani, punguza nguvu ya injini taratibu, usiinamishe pua, wala usikaribie mwendo mdogo mno ambao mabawa hayawezi tena kuibeba ndege.