Siku saba kandokando ya bahari: punguza vituo vya kulala

Mkuu, nimesoma mpango wako mara mbili. Siku saba, watu wanne, gari moja, kilomita kama 1,100 za pwani, na vituo sita vya kulala, kila siku mahali papya. Ramani ya simu imekupa saa tatu hadi nne za kuendesha kwa siku, ukaona nafasi ipo tele, na swali lako ni kama ulipie vyumba vyote mapema au utafute ukishafika. La vyumba nitalijibu, ila kwanza niguse hivyo vituo sita, maana ndivyo vitakavyokumaliza.

Kosa hilo nimelifanya mwenyewe. Safari yangu ya kwanza ya aina hii ilikuwa California, kutoka San Francisco kushuka hadi Los Angeles kwa Barabara Namba 1. Tulikuwa mimi, mke wangu na mashemeji wawili. Tulilala mara tano, vitanda vitano. Leo ukiniuliza ninachokumbuka, kaunta za mapokezi zinanijia kabla ya mawimbi.

Hesabu yake iko hivi. Hoteli nyingi zinakutaka utoke chumbani saa nne au saa tano asubuhi, na chumba cha mbele hupewi kabla ya saa tisa alasiri. Ukihama kila siku, muda wako wa barabarani unaangukia hapo katikati: jua la utosi, bahari imepauka, na kila penye mandhari ya maana maegesho yamejaa. Asubuhi bahari ikiwa na rangi zake wewe uko chini ya kitanda unasaka chaja. Jioni jua linapozama uko mjini unasoma vibao vya mitaa. Sisi kila kuhama kulitutafuna karibu saa tatu, ukijumlisha kufunga mizigo, kupanga buti, kutafuta pa kuegesha na kusubiri funguo. Mara tano, ni saa kumi na tano. Hiyo ni siku nzima ya mwanga tuliyoipoteza tukibeba mabegi.

Kwa hiyo sheria yangu sasa: mahali pazuri nalala siku mbili, mahali pa kupitia tu nalala siku moja, na sianzi kuhesabu kilomita kabla sijajua nitalala wapi.

Sasa, mahali pazuri ni wapi? Hapa watu wengi hukosea kidogo. Wanatafuta chumba mwisho wa kile kipande kizuri, kama zawadi ya kukimaliza. Mimi nasema lala kabla yake, pale kinapoanzia. Ukilala mlangoni, unakiingia asubuhi ukiwa na macho mapya na siku nzima mbele yako, na ukipenda ghuba fulani ukakaa saa mbili hakuna anayekukimbiza. Ukilala mwisho wake, utakipita jioni ukiwa umechoka, unawaza chakula na giza.

Na ukilala mlangoni siku mbili unapata kitu kingine, yaani nafasi ya kukosa leo na kujaribu tena kesho. Sisi tulifika jioni Carmel, mji mdogo ulio mlangoni mwa Big Sur, kile kipande cha magenge cha Barabara Namba 1; kesho yake saa tatu asubuhi tukakiingia. Ilikuwa Julai. Nilidhani kiangazi maana yake anga safi, kumbe pwani ile kiangazi ndicho kipindi cha ukungu: maji ya baridi hupanda juu kutoka kilindini karibu na ufuko, hewa yenye unyevu ikipita juu yake inageuka ukungu, na joto la bara linauvuta ndani. Septemba na Oktoba ndiyo miezi ambayo mara nyingi hali hutulia. Tulisimama kwenye Daraja la Bixby, lile la upinde mmoja la mwaka 1932 ambalo liko kwenye picha zote. Tulisikia bahari. Kuona, hatukuona hata nguzo. Tukasubiri saa moja na nusu, shemeji akapiga picha za weupe mtupu, tukaondoka, kwa sababu chumba cha usiku ule kilikuwa kimeshalipiwa mbele huko na hakirudishi pesa. Baadaye mgeni mmoja tuliyekutana naye alituonyesha picha alizopiga palepale siku iliyofuata. Anga kama kioo. Tulirudi miaka miwili baadaye mwezi wa kumi, vitanda vitatu tu, ndipo nikaliona hilo daraja.

Kuhusu saa za simu. Simu haikudanganyi, ila inakupa muda wa mtu ambaye hasimami. Carmel hadi San Simeon, mwisho wa Big Sur, ni kama kilomita 145, na simu ilituandikia saa mbili na nusu hivi. Tuliingia saa tatu asubuhi, tukatoka saa kumi jioni, na ukiondoa ile ya ukungu hatukuzembea popote. Barabara ni kona juu ya kona, mbele yako kuna nyumba ya magurudumu inayotambaa, na kila kilomita chache mtu anasema simama hapo kidogo. Kwa hiyo igawe safari yako mafungu mawili kwa kalamu: vipande vya kutazama na vipande vya kupita. Vya kutazama, zidisha muda wa simu mara mbili, ikibidi mbili na nusu. Vya kupita, achana na pwani kabisa. Pwani nyingi zina barabara kuu ya haraka upande wa bara. California ni ile 101. Hakuna aliyekulazimisha kufuata kila mpindo wa ufuko kwenye viwanda na vitongoji. Katika kilomita zako 1,100 sitashangaa zile za kutazama zikiwa 300 tu. Hizo ndizo za kupewa siku, nyingine zipewe saa.

Uelekeo nao una maana kubwa kuliko inavyodhaniwa. Unataka bahari iwe upande wako wa barabara, ili usikatishe mbele ya magari yanayokuja kila unapotaka kuingia kituo cha kutazamia, na ili asiwepo mtu kati yako na maji. Nchi za kuendesha kulia, bahari iwe kulia kwako. Za kushoto, iwe kushoto. Ndiyo maana California hushauriwa kushuka kusini. Great Ocean Road ya Australia, wanakoendesha kushoto, unaanzia upande wa Torquay kwenda magharibi. Wild Atlantic Way ya Ireland, kilomita 2,500 na ushee, unapanda kutoka kusini kwenda kaskazini. Isipokuwa kama mna mtu anayeogopa kimo. Mke wangu ni mmoja wao. Kwenye magenge yasiyo na ukingo alikaa kiti cha nyuma upande wa mlimani, amefumba macho, nami nikaambiwa ningegeuza safari yote. Waulize wenzako kabla hujaamua.

Na dereva haoni kitu. Hili hakuna anayeliandika kwenye mipango. Mwenye usukani anaona kona na taa za breki, basi. Kama wawili mna leseni na gari ni la kukodi, hakikisheni majina yote mawili yameandikwa kwenye mkataba tangu mwanzo, mpokezane katikati ya kipande kizuri, siyo mwisho wake. Kama ni wewe peke yako, hiyo ni sababu nyingine ya kulala siku mbili: siku ya pili unaegesha, unatembea kwa miguu, na wewe pia unaiona bahari.

Bahari yenyewe ina ratiba yake. Kupwa na kujaa husogea mbele kama dakika 50 kila siku, kwa hiyo ufuko uliosifiwa na mtu aliyekwenda asubuhi wiki jana, wewe asubuhi hiyohiyo unaweza kukuta maji yamegonga ukuta. Wakati wa bamvua, mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji hutoka mbali sana na hurudi juu sana. Hapo ndipo mapango na miamba ya chini hufikika, na hapo ndipo watu hunaswa. Wakati wa maji mafu, katikati ya bamvua moja na nyingine, tofauti ni ndogo. Angalia jedwali la maji la tarehe zako kabla hujalipia chumba cha ufukweni.

Hili nalo nililipia karo. Uingereza, kaskazini mashariki, kuna kisiwa cha Lindisfarne, na njia ya gari inayokwenda huko hufunikwa na bahari mara mbili kila siku. Halmashauri hutangaza saa salama za kuvuka. Nilijua hilo kabisa, ila nilipanga nikitazama saa za siku moja nikadhani zitafaa siku tatu baadaye. Tulikuta lami inaingia majini, inapotelea humo. Katikati ya njia pana kibanda juu ya nguzo kwa ajili ya wale wanaojaribu bahati wakanaswa, ukikiona hicho hushawishiki. Tukakaa ndani ya gari zaidi ya saa nne, watoto wa gari la jirani wakimaliza biskuti zetu. Ufaransa kuna njia ya namna hiyo, Passage du Gois, zaidi ya kilomita nne. Kama pwani yako ina kitu cha hivyo, kituo cha kulala kipangwe kufuata maji, mengine yajisogeze.

Barabara za magengeni hufungwa, tena si kwa saa mbili. Mei 2017 mlima uliporomoka Mud Creek, kusini mwa Big Sur, na barabara ikafunguliwa Julai 2018. Barabara ya Chapman's Peak, karibu na Cape Town, ilifungwa mwaka 2000 kwa sababu ya mawe yanayoanguka, ikarudi 2003. Mvua ya majira ya baridi huloweka mlima, na mlima huchagua siku yake. Kwa hiyo wiki moja kabla, na tena asubuhi ya kuondoka, soma taarifa ya wakala wa barabara wa eneo husika, usitegemee simu peke yake. Na ujue mchepuko wa mwisho kwenda bara uko wapi. Big Sur kati ya Carmel na Cambria kuna mmoja tu unaovuka milima, Nacimiento-Fergusson, mwembamba wenye kona za kutisha, nao pia hufungwa. Ukikuta kizuizi mbele, unarudi ulikotoka, na kile chumba ulicholipia upande wa pili unakiaga.

Hapo ndipo lilipo jibu la vyumba. Lipia mapema kituo cha mlangoni, kwa sababu vijiji vya sehemu hizo vina vyumba vya kuhesabu na mwisho wa wiki huisha kabla hujazinduka. Chumba cha upande wa pili wa kipande hatari kiwe cha kughairi bila makato, hata kikizidi bei kidogo. Vya katikati, kwenye miji mikubwa, viache wazi mpaka siku mbili kabla. Na kituo cha mwisho kiwe karibu na unakorudishia gari au unakopandia ndege, kisichozidi saa moja; kukimbizana na barabara ya pwani asubuhi ya safari ya kurudi ni kujitakia presha.

Kulala garini kuokoa pesa: uliza kwanza. Barabara nyingi za mandhari hukataza kulala kando ya njia, na Big Sur wanasimamia hilo kwelikweli. Hema ni sawa, ila upepo wa bahari usiku si mchezo; chagua penye miti au kichuguu cha kukukinga.

Madogo madogo haraka: jaza tenki kabla ya kila kipande cha kutazama, pakua ramani za kutumia bila mtandao, sweta hata kama ni kiangazi. Kwenye ukungu washa taa za chini, fulu hukurudia usoni. Mteremko mrefu shuka kwa gia, breki zipumzike. Ukiona nyuma yako pamejipanga magari matano, ingia pembeni wapite. Utatazama bahari kwa raha zaidi.

Ningekuwa wewe, ningefanya hivi: siku ya kwanza pita kwa barabara ya bara moja kwa moja mpaka mlangoni, lala hapo mara mbili. Siku ya tatu vuka kipande kizuri polepole, lala mara moja upande wa pili. Kituo kinachofuata, kile cha ufuko unaoupenda kwenye orodha yako, mara mbili, tarehe zake ukizichagua kwa jedwali la maji. Usiku wa mwisho karibu na kituo cha kurudi. Vinne badala ya sita. Viwili ulivyovifuta utavipita mchana, mtashuka, mtanywa kitu, mtaendelea.

Niambie mnaendesha upande gani wa barabara, mwezi gani, na wangapi kati yenu wana leseni, nikuambie uanzie mwisho upi.